Sauti ya Shenzi: Whoopi Goldberg, Uchekeshaji wa Lafudhi na Neno Moja la Kiswahili katika Filamu ya Katuni

Ikisiri

Makala haya yanafafanua safari ya kisanaa ya Whoopi Goldberg, mchekeshaji wa jukwaani aliyekuja kuwa mwigizaji wa sauti katika filamu za katuni, kwa kumtazama kupitia mhusika mmoja: fisi Shenzi wa The Lion King (1994). Hoja inayojengwa ni kwamba katika katuni lafudhi hufanya kazi ambayo jukwaani hufanywa na mwili wa msanii, na kwamba kwa msikilizaji wa Kiswahili kazi hiyo huongezewa uzito na jina la mhusika. Neno linalounda jina hilo lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo inapita katika njia za misafara zilizopanda kutoka pwani hadi Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

1.0 Utangulizi

Mtoto wa Kilema anayeitazama The Lion King kwa mara ya kwanza huyaelewa majina kabla ya kuielewa lugha. Mazungumzo ya Kiingereza yanaweza kumpita, lakini Simba ni simba na Rafiki ni rafiki. Na mlima wenye kilele cheupe unaoonekana mwanzoni mwa filamu, nyuma ya msafara wa ndovu, haoni haja ya kuuuliza jina. Kisha, katika makaburi ya tembo, wanatokea fisi watatu, na mmoja wao, ambaye ndiye msemaji mkuu, anaitwa Shenzi. Hapo mtoto hucheka, au humtupia jicho mtu mzima aliye karibu, kwa kuwa nyumbani neno hilo hukatazwa kulitamka. Mtoto wa New York hana sababu ya kucheka wakati huo. Yeye husubiri mpaka fisi afungue kinywa, kwa sababu kinachomchekesha ni namna ya kusema: kasi, kejeli na lafudhi ya mtaani ambayo anaifahamu.

Vipo basi vicheko viwili, kimoja cha jina na kimoja cha sauti, na wanaovicheka si watu wamoja. Cha pili kilitengenezwa na Whoopi Goldberg, msanii ambaye kufikia mwaka 1994 alikuwa amefanya kazi ya kubadili sauti mbele ya watu kwa zaidi ya miaka 10. Cha kwanza hakukitengeneza yeye. Kilikuwamo ndani ya neno tangu kabla ya kuzaliwa kwake, na huenda hakuwahi kukisikia. Sehemu zinazofuata zinaanza na sauti, kisha zinarudi kwenye neno.

2.0 Kutoka jukwaani hadi kwenye kipaza sauti

Whoopi Goldberg alizaliwa jijini New York tarehe 13 Novemba 1955 kwa jina la Caryn Elaine Johnson, akakulia katika nyumba za umma za mtaa wa Chelsea, Manhattan. Miaka ya 1970 alihamia California, akafanya kazi na vikundi vya maigizo vya San Diego na baadaye Berkeley. Jina la jukwaani alilojipa ni kichekesho kamili. Neno la kwanza linatokana na mto wa mzaha ambao mtu akiukalia hutoa sauti ya kuaibisha. La pili ni jina la ukoo la Kiyahudi, analolibeba mwanamke Mweusi. Kabla hajasema lolote, msikilizaji tayari amepewa vitu viwili visivyokaa pamoja. Wapenzi wa vichekesho vya Tanzania hawatashangazwa na mbinu hiyo. Amri Athumani wa Tanga alijulikana nchi nzima kwa jina la King Majuto, neno la Kiingereza la ufalme likiongozana na neno la Kiswahili la kujilaumu. Katika Redio Tanzania Dar es Salaam, mchezo wa Pwagu na Pwaguzi ulichota majina ya wahusika wake moja kwa moja kutoka katika methali, hivi kwamba msikilizaji aliyeijua methali alikwishajua nani atamzidi nani ujanja.

Onyesho lililomtambulisha Goldberg liliitwa The Spook Show, lililoanza mwaka 1983. Mwongozaji Mike Nichols aliliona, akalipeleka Broadway, na tarehe 24 Oktoba 1984 likafunguliwa katika ukumbi wa Lyceum kwa jina la msanii mwenyewe, likaonyeshwa mara 156. Muundo wake unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana humo ndimo ilimo mbegu ya kila alichokifanya baadaye katika katuni. Jukwaani yuko mtu mmoja. Habadilishi mavazi wala hapambwi upya kati ya mhusika na mhusika. Anakuwa Fontaine, mraibu wa dawa za kulevya mwenye shahada ya uzamivu ya fasihi, anayekwenda Amsterdam na kuingia katika nyumba alimojificha Anne Frank. Anakuwa msichana wa pwani ya California ambaye lafudhi yake ya kuburuta vokali inaanza kwa kuchekesha na kuishia mahali pasipochekesha hata kidogo. Anakuwa mwanamke wa Jamaika. Anakuwa pia mtoto wa kike Mweusi aliyejifunika shati jeupe kichwani na kuwaambia watazamaji kwamba hizo ni nywele zake ndefu za dhahabu.

Shati hilo ndilo kifaa pekee katika igizo hilo dogo, na halidanganyi mtu. Kila aliye ukumbini anaona kwamba ni shati. Linalolifanya liwe nywele ni sauti ya mtoto: kiimbo cha kujigamba, pumzi za haraka, na Kiingereza cha mtoto wa mjini anayejaribu kukisogeza karibu na Kiingereza cha watoto anaowaona kwenye televisheni. Watazamaji wanacheka, halafu wanatambua wanachokicheka. Kwa istilahi za isimujamii, msanii anatumia viashiria vya lafudhi kumpandisha mhusika katika nafasi ya kijamii asiyo nayo, na umbali kati ya lafudhi na mwili unaoonekana ndio unaozaa kicheko na uchungu kwa wakati mmoja.

Rekodi ya sauti ya onyesho hilo ilipata tuzo ya Grammy ya mwaka 1986 ya rekodi bora ya vichekesho. Jambo hilo hutajwa kwa kawaida kama moja ya tuzo nyingi za msanii huyu, pamoja na Oscar aliyoipata mwaka 1991 kwa filamu ya Ghost. Kwa mada ya makala haya lina uzito wa pekee, kwa kuwa linaonyesha kwamba miaka kadhaa kabla ya katuni ya kwanza onyesho lake lilikwishathibitika kwamba linaweza kusimama bila mwili. Msikilizaji wa rekodi haoni shati. Mtambaji wa hadithi anayeketi na watoto usiku yuko katika hali inayokaribiana na hiyo: giza limeficha uso, na sungura hutenganishwa na fisi kwa sauti tu, moja nyepesi na ya haraka, nyingine nzito, ya puani, yenye tamaa.

Kazi ya katuni ilianza mwaka 1990, alipompa sauti Gaia, roho ya dunia, katika mfululizo wa Captain Planet and the Planeteers, ambao aliutumikia katika misimu yake ya mwanzo. Gaia huzungumza kwa utulivu na kwa Kiingereza kilicho karibu sana na sanifu cha Marekani. Ni vizuri msomaji akiikumbuka sauti hiyo atakapofika kwenye fisi, kwa sababu kinywa ni kilekile na kipindi ni kilekile.

Soko nalo lilikuwa likibadilika. Waigizaji wa sauti wa katuni za zamani za Marekani, akiwamo Mel Blanc aliyeshughulikia wahusika wengi peke yake, walikuwa mafundi ambao watazamaji wengi hawakuzijua sura zao. Wasanii mashuhuri walitumiwa pia, kama ilivyokuwa katika The Jungle Book ya mwaka 1967, ila hawakuwa kivutio kikuu cha tangazo. Aladdin (1992) iligeuza mizani hiyo. Robin Williams, mchekeshaji wa jukwaani, alibuni papo hapo mbele ya kipaza sauti maneno na miigo mingi kuliko iliyokuwa katika maandishi, na wachoraji wakalichora jini kwa kuifuata sauti yake. Mfuatano wa kazi ukawa wazi kwa kila mtu: sauti hutangulia, mchoro hufuata. Williams, Billy Crystal na Goldberg ndio waliokuwa waendeshaji wa Comic Relief ya Marekani, matamasha ya kuchangia watu wasio na makazi yaliyoanza mwaka 1986, na wote watatu waliingia katika katuni: Crystal alikuja kuwa Mike wa Monsters, Inc. (2001). Mchekeshaji alihitajika kwa sababu huleta kitu ambacho mwandishi wa filamu hawezi kukiandika kikamilifu, yaani mhusika ambaye tayari ana namna yake ya kusema.

3.0 Fisi na lafudhi

Husimuliwa kwamba wahusika wa fisi walikusudiwa kwanza kwa wachekeshaji wawili wanaume, Cheech Marin na mwenzake Tommy Chong, na kwamba nafasi ya pili ilipomfikia Goldberg mhusika aligeuzwa kuwa wa kike. Jina halikulazimika kubadilishwa. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi, na shenzi humfaa yeyote. Kwa bahati, mabadiliko hayo yaliisogeza filamu karibu na ukweli wa porini, kwani katika jamii za fisi madoa majike ndiyo yanayotawala.

Tukiwaangalia fisi hao watatu kwa masikio ya mwanaisimu, mpangilio wao unajieleza. Shenzi anazungumza kwa lafudhi na misemo ya Wamarekani Weusi wa mjini. Banzai, aliyepewa sauti na Marin, anazungumza kwa lafudhi ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Wa tatu, Ed, hazungumzi, anacheka tu. Upande wa pili wa mpaka, mfalme Mufasa amepewa sauti na James Earl Jones, mwigizaji Mweusi pia, lakini kwa Kiingereza sanifu chenye heshima ya jukwaa la kale. Kwa hiyo mgawanyo haukufuata rangi za waigizaji. Ulifuata aina za lugha. Kiingereza sanifu cha Marekani kilibaki katika mwanga, Kiingereza cha Uingereza kikapewa mjomba mwovu na mshauri mwenye makuu, na lafudhi za mitaa ya watu maskini zikapelekwa mahali ambapo jua halifiki, kwa viumbe wenye njaa wanaosubiri kuvuka mpaka.

Rosina Lippi-Green (1997) alichunguza wahusika 371 katika filamu 24 za katuni za Disney, akaonyesha kwamba lafudhi hazigawiwi ovyo: wenye lafudhi za kigeni walielekea kuwa waovu zaidi kuliko wenye Kiingereza cha Marekani, na Kiingereza cha Wamarekani Weusi kilisikika katika vinywa vya wanyama, si vya wahusika wenye umbo la binadamu. Hoja yake ni kwamba mtoto hujifunza kuzipanga sauti kwa thamani kabla hajajifunza kuwapanga watu. Tangu filamu ilipotoka, wahakiki wengi wamewasoma fisi hao hivyo, kama picha ya mtaa wa watu Weusi na Walatino ilivyo katika hofu za wengine.

Usomaji huo una nguvu, lakini unamwacha msanii nje. Unamchukulia Goldberg kana kwamba lafudhi ya Shenzi ndiyo sauti yake ya asili iliyonaswa na kipaza sauti. Gaia inapinga. Mtu aliyempa sauti Gaia mwaka 1990 na Shenzi mwaka 1994 alikuwa akichagua, kama alivyochagua kati ya Fontaine na msichana wa California. Tofauti ni kwamba Broadway mwili wake ulikuwapo kuikosoa lafudhi. Shati lilionekana kuwa shati. Katika katuni mwili umeondolewa, umbali uliozaa maana umefutwa, na lafudhi inamwangukia mnyama moja kwa moja kana kwamba ni ngozi yake. Ujuzi wa mchekeshaji haukupungua; kilichopotea ni mahali pa kusimama ili ujuzi huo uonekane kuwa ujuzi. Hali hiyo ilidhihirika zaidi katika mfululizo wa televisheni wa Timon & Pumbaa, ambamo Shenzi alipewa sauti na Tress MacNeille, mwigizaji mzoefu wa sauti. Lafudhi ilikuwa imeshakuwa mali ya mhusika, na mwingine aliweza kuivaa. Goldberg mwenyewe alirudi kwa fisi wake katika The Lion King 1½ (2004).

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa lafudhi inayofanya kazi ya namna hii. Vichekesho vya televisheni na vya majukwaani nchini vimeishi kwa kuiga Kiswahili cha makabila, na Kiswahili cha Wachagga ni moja ya akiba zake za kudumu. Mchekeshaji hutamka aisee mara mbili, huingiza hesabu ya fedha, na ukumbi hujua kwamba mhusika ametoka Moshi. Katika miji mingi mwenye duka la mtaani huitwa Mangi, awe ametoka Kilimanjaro au hapana, na watu hutumana kwa Mangi kununua sukari. Mangi ni cheo cha watawala wa Uchagga, wakiwamo wa Kilema, ambao mamlaka yao yalifikia kikomo baada ya uhuru. Cheo cha kifalme kimehamia nyuma ya kaunta. Anayelitumia neno hilo kwa kawaida hana nia mbaya, na wenye maduka wengi huitika kwa tabasamu. Hata hivyo, ndani ya tabasamu hilo yumo mhusika ambaye wao hawakumbuni.

4.0 Neno lilipanda mlima

Mwezi wa Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alifika Kilema akitokea Rabai, karibu na Mombasa. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezifahamu njia za bara, na mtawala wa Kilema wakati huo alikuwa Masaki. Katika safari hiyo, tarehe 11 Mei, Rebmann aliuona weupe juu ya mlima na kuutambua kuwa theluji. Kumbukumbu zake zinaeleza kwamba kiongozi wake aliuita weupe huo baridi tu. Kiswahili cha msafara hakikuwa na jina la kitu hicho, kikatumia jina la hisia kinayoileta. Ni tukio dogo, lakini linaonyesha kwamba Kiswahili kilifika Kilema mapema, kikiwa na watu wa biashara, na kwamba kilipokosa neno kiliazima kutoka katika akiba yake chenyewe.

Katika akiba hiyo ya pwani lilikuwamo pia neno mshenzi. Jonathon Glassman (1995), akichunguza miji ya pwani kama Pangani katika nusu ya pili ya karne ya 19, anaeleza jinsi jozi za maneno zilivyotumika kupanga jamii: waungwana na watumwa, wenye ustaarabu na washenzi. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye wa mji, asiyejua adabu za pwani. Haikuwa hali isiyobadilika. Mtu aliyekuja mjini, akajifunza lugha, mavazi na dini, aliweza kudai uungwana, na madai hayo yenyewe yakawa chanzo cha ugomvi wa muda mrefu. Kwa mpangilio huo, mkazi wa Kilema alihesabiwa upande wa pili wa mstari, hata kama alikuwa na mtawala wake, mifereji yake ya maji na migomba iliyotunzwa kwa vizazi.

Isidhaniwe kwamba mlimani hawakuwa na mstari wao. Wachagga wana neno chasaka, au kyasaka kwa matamshi mengine, wanalomwita asiye Mchagga, neno linalohusishwa na pori. Mtu wa pwani alipokuwa akimwona mwenyeji wa mlima kuwa mshenzi, mwenyeji naye alikuwa na neno lake la kumweka mgeni porini. Maneno hayo mawili yanafanana kimantiki: yote yanaanza na mahali mtu atokako na kuishia kwenye thamani yake. Lililoenea ni moja, kwa sababu lugha iliyolibeba ndiyo iliyoenea. Kichagga cha Kilema, kinachohesabiwa pamoja na lahaja za Vunjo katika mwendelezo wa lahaja ulioelezwa na Nurse (1979), hakikuwa na msafara wa kukipeleka Hollywood.

Kimofolojia, neno lenyewe linafuata utaratibu: mshenzi na washenzi katika ngeli ya watu, ushenzi kwa dhana, kishenzi kwa namna ya kutenda. Shenzi tupu, lisilo na kiambishi, lina nafasi mbili za kihistoria. Ni tusi la papo hapo, linalotupwa kama jiwe. Pia ni umbo lililopendwa katika Kisetla, Kiswahili kilichopunguzwa viambishi walichokitumia walowezi kwa watumishi wao, na kutoka hapo likaingia katika Kiingereza cha Afrika Mashariki ya kikoloni kama kivumishi cha kitu duni: mbwa asiye na ukoo aliitwa kwa neno hilo. Hivyo neno lililotoka pwani kumtenga mtu wa bara lilichukuliwa na mlowezi, likapokonywa kiambishi, likatumiwa kwa wote, mtu wa pwani akiwamo. Yeyote aliyelichagua kwa ajili ya fisi wa filamu alilipokea katika umbo hili la mwisho.

5.0 Majina yasiyo na viambishi

Kuondolewa kwa kiambishi si jambo la Shenzi peke yake. Majina ya Kiswahili katika The Lion King yanaonekana kuchujwa kwa kigezo hicho. Simba, rafiki na sarabi ni nomino ambazo umoja wake hauonyeshi kiambishi, hivyo zinaingia katika Kiingereza bila kukatwa. Pumbaa ni shina la kitenzi lililosimama bila ku-, nalo humfaa mhusika wake kuliko jina lolote jingine katika filamu. Shenzi ndilo pekee lililolazimika kukatwa kichwa ili lifanane na wenzake. Banzai linabaki na utata: asiyejua Kiswahili husikia mwito wa Kijapani, na anayekijua anaweza kulihusisha na kujibanza, kitendo kinachomfaa fisi. Kuhusu Nala, madai ya mara kwa mara kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya zawadi hayana msingi katika Kiswahili sanifu. Mwalimu anayefundisha wageni hulazimika kulisema hilo kila muhula, na kila muhula yupo anayesikitika.

Lipo jambo jingine. Katika hadithi za Kiswahili fisi huitwa Fisi. Jina la aina ndilo jina lake, na tabia yake, ulafi uliochanganyika na ujinga, huja pamoja nalo. Filamu ilimpa simba heshima hiyo ya kimapokeo: Simba ni simba. Fisi hakupewa. Badala ya jina la mnyama amepewa jina la hukumu, na hukumu hiyo si ya tabia kama ulafi, bali ni ya hadhi. Msikilizaji wa Kiswahili anaambiwa kwa jina kile ambacho msikilizaji wa Kiingereza anaambiwa kwa lafudhi: huyu si wa kwetu. Njia hizo mbili zinakutana katika kinywa kimoja, cha mwanamke Mweusi wa Chelsea aliyewahi kujifunika shati kichwani ili kuuliza nani aliyepanga kwamba nywele zake hazitoshi. Haiwezekani kusema kwamba alilitambua neno. Inawezekana kusema kwamba alilifahamu vyema jambo lenyewe.

6.0 Shenzi wa pili

Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2019 chini ya uongozi wa Jon Favreau, Shenzi alipewa sauti na Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala mwaka 1976 na kukulia Ujerumani, ambaye watazamaji wengi walikwishamwona akiwa Ayo katika Black Panther (2018). Jina lake la ukoo si la Kiswahili, na mchambuzi asikimbilie kulifasiri kwa neno kasumba. Kosa hilo lingekuwa dada wa lile la Nala. Kasumba si mchekeshaji, na hakuombwa kuchekesha. Shenzi wake ni kiongozi wa kundi, mwenye sauti nzito na ya taratibu, anayetisha. Lafudhi ya mtaa wa Marekani imeondoka. Vichekesho vimehamishiwa kwa fisi wawili waliopewa sauti na wachekeshaji Keegan-Michael Key na Eric André, nao wamepewa majina mapya: Kamari na Azizi. Banzai na Ed hawapo.

Ubadilishaji huo unaweza kusomwa kama jibu kwa wahakiki wa lafudhi, na kwa kiasi fulani ni jibu la kweli. Majina mapya nayo ni ya Kiswahili kinachotambulika, moja la mchezo wa bahati na moja la mapenzi, na fisi kuitwa Azizi ni kichekesho ambacho safari hii mtazamaji wa Moshi anakipata peke yake. Lakini Shenzi amebaki Shenzi. Waliosikia ubaguzi katika lafudhi waliurekebisha katika lafudhi. Neno halikuguswa, kwa kuwa katika masikio yao halikuwa neno. Zaidi ya hapo, sasa linabebwa na mwigizaji aliyezaliwa Afrika Mashariki, katika eneo ambako yeyote anayejua Kiswahili kidogo hulielewa. Kwa Goldberg, umbali kati ya msanii na neno ulikuwa bahari nzima. Kwa Kasumba ni mwendo wa basi.

Wakati huohuo, katuni zinazotengenezwa kwa Kiswahili zimeanza kuyachagua maneno yake zenyewe. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ambalo Ubongo Kids yake ilianza kurushwa mwaka 2014, linatengeneza pia Akili and Me kwa ajili ya watoto wadogo. Mhusika mkuu ni mtoto wa kike wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Jina lake, kama lile la fisi, ni nomino tupu ya Kiswahili isiyo na kiambishi, inayomtangulia mwenye nalo na kumweleza kabla hajafungua kinywa. Anaitwa Akili, na mtoto wa Kilema anayemtazama anaruhusiwa kulitamka jina hilo kwa sauti kubwa nyumbani.